Sinema bubu ya mzaha ya 1922, bado inachekesha kama humjui anayeigwa?

mld_ukutani
Asalaam aleikum wana baraza, na wengine habari zenu. Nina swali la sinema, najua humu mna wazee wa picha. Sisi huku Malindi tuna kikundi cha vijana, usiku wa wikendi tunaonyesha picha ukutani, ukuta wa nyuma wa duka la jamaa yetu umepakwa chokaa mweupe pee, projekta ya kuazima, spika moja, watu wanatandika mikeka basi. Siku zote tunaweka muvi za DJ, zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na mpira. Sasa mie nataka nijaribu hizi sinema bubu za zamani, kwanza ni fupi, pili haki zake zishakwisha kwa hivyo hakuna wa kutusumbua.

Nimeshusha moja ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Kimarekani wa zamani, inaitwa The Frozen North, ya 1922, kama dakika 17 hivi, na wallahi sijui hata niseme nini. Inaanza jamaa anatokeza kwa ngazi za stesheni ya treni ya chini ya ardhi, ile ya mjini, lakini nje ni theluji tupu, hakuna mji hakuna barabara hakuna mtu. Hapo nikacheka peke yangu. Anakwenda kuiba kwenye nyumba ya kamari, hana mwenzake, basi anakata bango lenye picha ya mtu ameshika bastola analisimamisha dirishani ili walio ndani waone kuwa wamezingirwa. Hapo nikacheka zaidi. Halafu sasa, anaingia nyumbani, anamkuta mwanamke kakumbatiana na mwanamume, jamaa anaanza kulia, machozi yanamtiririka kwelikweli, anatoa bastola anawapiga wote wawili, akishamaliza ndio anagundua nyumba si yake na mke si wake. Anaondoka zake. Hapo nikabaki nimeduwaa na dadangu aliyekuwa anaangalia na mie akainuka akaenda zake ndani.

Kutafuta tafuta naambiwa ati hii ni mzaha, anamuiga muigizaji mwengine William S. Hart. Mie Hart simjui na nina hakika hapa mtaani hakuna anayemjua. Sasa nauliza, huu mzaha una maana gani kwa mtu ambaye hamjui anayefanyiwa? Niiweke au niiwache? Na kwa nini bado watu wanaisifu miaka yote hii?

mzee_wa_picha
Waaleikum salaam mwanangu. Umegusa penye ugonjwa wangu, kaa nikueleze huyu Hart, manake bila yeye lile tukio la machozi halisimami.

William S. Hart kazaliwa 1864. Alikuwa mtu wa jukwaani, kacheza Shakespeare, na 1899 alikuwa ndiye Messala kwenye Ben-Hur ya jukwaani kule New York. Sinema kaingia umri unakaribia hamsini, wenzake wanafikiria kupumzika yeye ndio anapanda farasi. Na akawa stelingi mkubwa wa picha za kikauboi. Lakini si kauboi wa kumeremeta, yeye alitaka vumbi, nguo chakavu, mji wa mbao wenye matope, aliona wengine wote wanadanganya watu. Na mtu wake alikuwa yuleyule kila picha, jambazi katili ambaye moyoni mna wema umejificha, anakuja kuharibu, anamuona msichana mcha Mungu, basi kwisha habari yake, anageuka. Hell's Hinges ya 1916 ndiyo hiyo, anawekwa amfukuze mchungaji mgeni mjini, anamuona dadake mchungaji, na mwisho mji wenyewe unateketea kwa moto. Na yale maandishi ya katikati, yale yanayotokea skrini nzima, yalikuwa mazito kama mtu anasoma khutba.

Na Hart alikuwa akilia bwana. Kamera inamsogelea, uso hautikisiki, jicho linajaa taratibu, chozi linashuka. 1916 watu walilia naye. Kufikia 1922 chozi lishachosha, na watu wengi washahamia kwa kauboi mwengine, Tom Mix, na mashati yake ya kung'aa na mbio za farasi. Keaton kaona mwanya hapo. Kachukua chozi lilelile, la dhati, la kiume, la mtu aliyesalitiwa, kalitia kwenye nyumba ambayo si yake. Yaani utukufu wote wa Hart, uchungu, kisasi, heshima, vyote vimepotea njia, vimeingia mlango wa jirani. Mtu aliyekuwa amemuona Hart akilia picha baada ya picha bila shaka hapo hakubaki kitini.

Hart mwenyewe alinuna. Keaton alikuja kusimulia kwamba hakumsemesha kama miaka miwili hivi. Mie huwa namuonea huruma kidogo yule mzee, manake alikuwa anaamini kazi yake.

Na ukitazama vizuri kuna mahali Keaton anatokea na yunifomu nyeupe ya afisa, pozi nyingi, hapo kamwacha Hart kamgeukia Erich von Stroheim, muigizaji na mkurugenzi wa Foolish Wives, picha iliyotoka mwaka huohuo 1922.

kiberenge_boy
bro weka mr bean watu wacheke waende nyumbani. sinema bubu ya theluji malindi na hili joto?? mtabaki wewe na ukuta

mld_ukutani
@kiberenge_boy we si ndie ulilala kwa muvi ya kivita bunduki zikilia, wacha maneno 😂

@mzee_wa_picha shukran sana mzee. Sasa hapo ndio wasiwasi wangu unazidi, kama utamu wote uko kwa Hart na Hart hayuko vichwani mwa watu, si itakuwa nimewaletea jibu bila swali?

binti_langoni
Mimi ni wa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, hizo sinema bubu siyui sana ila mzaha nayua, tumezaliwa ndani yake. Hapa mtu akikutungia shairi unalichukua lilelile, vina vilevile, unamrudishia limegeuka upande. Washairi wa Amu na Mvita wamejibizana hivyo tangu zama za vita vya Shela.

Halafu kulikuwa na beni, wakubwa mtakumbuka kusimuliwa. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi ndani ya karne ya 20, pwani yote hii, watu wazima wanavaa yunifomu, wana vyeo vyao vya kingi na jenerali, tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride barabarani mfano wa bendi ya jeshi la kizungu. Mombasa Kingi na Skochi wakishindana hadi senti ya mwisho. Na mpaka yeo wasomi wanabishana, hawa walikuwa wanamteka (yaani wanamcheka) mzungu au wanamtamani? Kwa akili yangu mimi ni yote mawili, na ndio maana ilinoga. Huwezi kumuiga mtu vile mpaka kifungo cha koti kama huna kitu naye. Huyo Keaton hebu mtazameni tena, mtu aliyemdharau Hart tu asingehangaika kulia sawasawa vile, angevaa kofia kubwa akaanguka chini kwisha.

Jambo la pili, dadako ana haki kuondoka. Usimlazimishe mtu kuteka. Mimi nimeitazama hiyo picha baada ya kusoma hapa, huyo bwana ni mwovu kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaiba, anaua, ana mke wake anamfanyia ukatili halafu anamwandama mke wa jirani. Hana lolote la kumpendea. Sasa najua mtaniambia hiyo ndiyo shabaha, Hart anakuwa jambazi halafu anaokolewa na msichana mwema, huyu haokolewi na mtu. Sawa. Lakini wanawake wa humo hawana kazi ila kuuliwa na kuzimia, na mimi nikiwa mkekani pale na wanangu nitaona hilo kabla ya kuona Hart.

kamera_ya_watamu
Dada binti_langoni umenena. Na hicho ndicho kinaifanya picha hii iwe ya ajabu kwenye kazi za Keaton mwenyewe, kwa kawaida Keaton ni kijana mnyonge asiye na bahati unamtakia heri, One Week ya 1920 ana mkewe wanajenga nyumba ya vipande inakwenda kombo, unawapenda wote wawili. Hapa kavaa ubaya wa mtu mwengine na hakuupunguza hata kidogo, kwa hivyo ukiondoa Hart unabaki na mtu katili tu anayetembea kwenye theluji. Mie bado naipenda. Ila naelewa.

Sasa nije kwa mtindo manake ndio fani yangu, mie napiga video za harusi na najua shida ya kamera. Angalieni Keaton anavyoweka kamera. Mbali. Imetulia. Mwili mzima unaonekana kuanzia kofia hadi kiatu na nafasi pembeni ya jambo kutokea. Siku hizi mchekeshaji akianguka kuna kukata mara nne, anateleza kata, sura kata, makalio kata, watu wanacheka kata. Keaton anakuonyesha jambo lote kwa mkupuo mmoja ili ujue hakudanganya. Hii kaitoa utotoni, kazaliwa 1895 Piqua, Kansas, wazazi wake watu wa maonyesho ya jukwaani, na yeye akiwa mtoto mdogo baba yake alikuwa anamrusha huku na kule mbele ya watu, ndiyo ilikuwa shoo yao. Na aligundua mapema kwamba akicheka yeye watu hawacheki, akikausha uso watu wanavunjika mbavu. Sinema kaingizwa na mchekeshaji Roscoe Arbuckle 1917 kwenye The Butcher Boy na hakurudi nyuma.

Kwa hivyo mzaha wake hauna lile jicho la "mmeona eeh nafanya utani". Ndio siri. Kauboi wa Hart ni mtu wa uso mgumu, na Keaton tayari ana uso mgumu kuliko Hart, hakuhitaji kubadilisha kitu, kabadilisha tu dunia iliyomzunguka. Theluji ni ya kweli, walikwenda kupiga maeneo ya Truckee kule milimani California, si pamba ya studio. Halafu ndani ya hiyo theluji ya kweli anaweka magitaa miguuni atembelee kama viatu vya theluji. Anakaa kuvua samaki kwenye tundu la barafu kama mzee wetu yeyote kwenye gati, na huko chini kamba yake inagongana na ya mvuvi wa tundu la pili. Hizo wala hazihusiani na Hart. Hizo ndizo zitakazokuokoa Malindi, manake hapa mtu hajui theluji lakini kamba ya mshipi kunasa kwa mwenzio anaijua vizuri sana.

Ushauri wa kazi: hakikisha kasi. Zamani kamera ilikuwa ikizungushwa kwa mkono, picha kwa sekunde zilikuwa pungufu na hazikuwa sawa kila siku, sasa ukizirusha kwa 24 za kisasa watu wanakimbia kama wamekanyaga makaa. Ndio wengi wanadhani sinema bubu zote zilikuwa hivyo. Fungua kwa VLC punguza kasi kidogo kidogo mpaka mtu akitembea aonekane anatembea. Na ujue nakala zilizobaki za The Frozen North hazikukamilika, kuna vipande vimepotea, kwa hivyo ukiona inaruka usidhani ni flashi yako imeharibika.

mwalimu_gede
Niingie kidogo kabla sijaenda kusahihisha madaftari. Swali la mld_ukutani ni zito kuliko linavyoonekana na nitalijibu kwa Redykyulass, kile kipindi cha vichekesho cha TV ya Kenya. Mnaikumbuka? Nyambane akimuigiza Mzee Moi, ile sauti, ile rungu, ule mwendo. Wakati ule tulikuwa tunacheka huku tunatazama mlango, manake kumcheza rais halikuwa jambo la mchezo. Sasa wanafunzi wangu wamezaliwa Moi kashatoka madarakani, wengine hawajamsikia akihutubia hata mara moja, wanakutana na klipu za Nyambane kwenye simu na wanacheka. Wanacheka nini? Kuna mmoja nilimuuliza, akanambia "yule mzee anavyoongea". Kwake yeye Nyambane HAIGI mtu, Nyambane ndiye mtu. Halafu siku akisikia hotuba ya kweli ya Moi anasema mbona anafanana na yule wa komedi.

Hii imetokea kwenye sinema bubu kwa kiwango kikubwa mpaka inatisha. Mtaje mtu yeyote sinema bubu atakwambia jambazi mwenye masharubu kamfunga msichana kwenye reli, treni inakuja. Si ndio? Sasa picha zilizotia jambo hilo vichwani mwa watu ni za mzaha. Barney Oldfield's Race for a Life ya 1913, ya mtengeneza vichekesho Mack Sennett, Mabel Normand ndiye kafungwa na Ford Sterling ndiye jambazi, ni vichekesho kuanzia dakika ya kwanza. Teddy at the Throttle ya 1917, Gloria Swanson kafungwa na Wallace Beery, nayo vichekesho, kutoka studio ya Sennett huyohuyo. Walikuwa wanaucheka mchezo wa jukwaani wa zamani za babu zao, kuna mmoja maarufu wa 1867 unaitwa Under the Gaslight, na kwenye huo aliyefungwa relini ni MWANAMUME na anayemuokoa ni mwanamke! Yaani mzaha ukaugeuza, halafu mzaha ukakumbukwa kuwa ndio asili. Leo mtu akitaka kuzicheka sinema bubu anatumia utani ambao sinema bubu zenyewe zilishaufanya, tena vizuri zaidi.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba mzaha haufi na mwenyewe. Lakini unabadilika kazi. The Frozen North ukiiweka leo si mzaha wa Hart tena, ni picha ya mtu wa ajabu anayetoka ardhini. Iweke hivyo hivyo. Usianze na mhadhara wa Hart, watu wataondoka.

mzee_wa_picha
Mwalimu hapo kwa mhadhara sikubaliani nawe. Dakika moja tu ya Hart, klipu fupi ya analia, tena bila maelezo, halafu unapachika Keaton. Nakuhakikishia mtoto wa darasa la nne ataelewa. Tangu mwanzo wa sinema mzaha umekuwa ukifanya hivyo, kitu na kivuli chake vinakaa karibu. Edwin S. Porter alitoa The Great Train Robbery 1903, wizi wa treni, ikavuma sana, na 1905 yeye mwenyewe, mkurugenzi yuleyule, kaitengeneza upya ikaitwa The Little Train Robbery na majambazi wote ni watoto, wanateka kitreni kidogo wanaiba peremende na wanasesere! Ukiziweka mbili hizo moja nyuma ya nyengine huhitaji kufungua mdomo.

Na aliyeuliza mwanzo kwa nini bado inasifiwa hajajibiwa vizuri. Sababu mojawapo kubwa iko mwisho wa picha. Keaton anaamshwa na mfagiaji, kumbe alikuwa kalala kwenye kiti cha sinema, yote yale ilikuwa ndoto. Wengine huona ni njia rahisi ya kumaliza, mie sioni hivyo. Maana yake huyu mtu kaona picha za Hart nyingi mpaka zikamwingia usingizini, kwa hivyo anayefanyiwa mzaha si Hart pekee, ni sisi tuliokaa kitini. Na wazo hilo halikuishia hapo. 1924 kalichukua akalipanua kwenye Sherlock Jr., mrusha picha analala kazini, anaota anaingia ndani ya skrini na picha zinabadilika chini ya miguu yake, bustani, jangwa, bahari, theluji, na yeye bado anaanguka. Hiyo wakurugenzi wanaitazama hadi leo wakijiuliza ilipigwaje. Mie nasema mbegu yake iko kwenye dakika ya mwisho ya hii picha yako ya theluji. Katikati hapo 1923 alishamcheka mkurugenzi D. W. Griffith na picha yake Intolerance kwa Three Ages. Alikuwa anajifunza sinema kwa kuzivunja za wenzake.

Baadaye zilikuja sauti, akaingia studio ya MGM 1928, wakamnyang'anya uhuru, akanywa, akasahaulika. 1949 mwandishi James Agee kaandika makala kwenye jarida la Life kuwakumbusha watu hawa wachekeshaji wa kimya. Na picha zake nyengine zilipatikana kwenye nyumba aliyokuwa akiishi zamani, baada ya muigizaji James Mason kuinunua, rili zimefungiwa kwenye kibanda. Ingekuwa mwengine kanunua ile nyumba angezitupa.

Halafu mambo ya kikauboi ya kejeli hayakufa, Mel Brooks na Blazing Saddles 1974 ni wajukuu wa hii hii.

dj_wa_shella
Jamani sasa nisikilizeni mie, mie nafanya sauti kwenye sherehe hapa Malindi na tatizo lenu nalimaliza dakika moja. MNIPE MAIKI. Nisimame pembeni ya ukuta nitie maneno kama DJ Afro. Huyo jamaa akilia mie naongea, akiua naongea, watu hawatataka kujua Hart ni nani, nishawapa jina lake jengine la mtaani. Na msiseme naharibu sanaa, huko Japani zama za sinema bubu walikuwa na watu kazi yao hiyohiyo, wanaitwa benshi, anakaa kando ya skrini anasimulia anaigiza sauti zote, na mabenshi wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji, watu wananunua tikiti kwa ajili ya benshi. Sasa mbona sie tujifanye wazungu kuliko wazungu

kamera_ya_watamu
Benshi ni kweli kabisa sipingi. Na sinema bubu hazikuwahi kuwa kimya, palikuwa na piano, kinanda, kumbi kubwa zina okestra nzima. Lakini Keaton ukimtilia maneno umemuua. Ule utani wote umejengwa juu ya mtu asiyesema kwamba ni utani. Akitokea theluji kwenye ngazi, zile sekunde anazotazama huku na kule, hapo wewe ukisema "aaah brathe amepotea stegi" umeshamkatia. Mtazamaji alitakiwa afike mwenyewe.

dj_wa_shella
sasa si uniambie niongee wapi ninyamaze wapi, mie si mtoto. DJ mzuri anajua kunyamaza

binti_langoni
Kaka dj hapo umesema kweli, mashairi pia ni hivyo, mghani mzuri anakuwatia nafasi. Lakini kama mwataka kitu cha maneno mengi mtafutieni cha mchekeshaji Stan Laurel kabla hajakaa sawasawa na mwenzake Hardy, kuna moja mwanangu alinionyesha, Dr. Pyckle and Mr. Pryde ya 1925, anamcheza yule daktari anayekunywa dawa akawa shetani. Ile ya kweli, Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya John Barrymore, 1920, shetani anatisha. Huyu wa Laurel akishakuwa shetani ubaya wake ni nini? Anamnyang'anya mtoto aiskrimu! Anamtegea bibi mfuko wa karatasi anaupasua nyuma yake, paa! Mji mzima unatetemeka kwa sababu hiyo. Hapo weka maneno upendavyo, na watoto watateka mpaka wamwage chai. Na hakuna mke anayepigwa risasi.

mwalimu_gede
Hiyo naiunga mkono mia kwa mia. Na iko moja ya Laurel 1922, Mud and Sand, anamcheza Valentino wa Blood and Sand, mpigana ng'ombe mrembo, jina kajiita Rhubarb Vaselino. Ila hiyo tena utahitaji kueleza Valentino alikuwa nani kwa wanawake wa wakati ule, na kazi hiyo mie siitaki.

mld_ukutani
Wallahi nimepata zaidi ya nilichouliza. Basi nimekata shauri hivi: Porter zote mbili mwanzo, ya wakubwa halafu ya watoto, ni fupi. Halafu Dr. Pyckle na dj_wa_shella kwenye maiki, ruhusa kamili. Watoto wakishaanza kusinzia na kupelekwa nyumbani ndio naweka Hart analia, klipu tu kama mzee alivyosema, na Keaton nyuma yake bila mtu kuongea. Kuna jamaa hapa anapiga udi, nimemuomba apige chini chini, amekubali ila anataka aione picha kwanza ajue wapi pa kukaza.

Dadangu nimemwambia ile nyumba inakuja kabla ya magitaa, akitaka aende akaandae kahawa arudi kwa magitaa. Kasema kahawa nitaandaa mwenyewe, yeye atakaa aone watu watafanyaje.

@binti_langoni ukitaka nakala za huko Amu nikupe kwa flashi, kuna mtu wangu anapanda basi la Mokowe wiki ijayo.

binti_langoni
Nipe na ya Porter. Ile ya watoto wana wanasesere hasa.

kiberenge_boy
ntakuja. ila mkeka nakaa karibu na kahawa